Naomba ushauri: Porsche Cayman kwa barabara za Nakuru

Hamjambo wenzangu. Nina Porsche 718 Cayman, ile ya injini ya lita 2.0 yenye turbo, na naishi Nakuru, upande wa Milimani. Raha yake siwezi kuificha. Jumapili alfajiri, malori yakiwa bado machache, nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, usukani unaitikia kila kona na mngurumo unatokea nyuma ya kiti, maana injini imekaa katikati. (Mwendo naheshimu. Barabara ile imemeza wengi.)

Taabu ni matuta. Ya mitaani hayana vipimo, mengine yamewekwa na wakazi wenyewe, na hata nikiyapita kimshazari tumbo la gari linakwaruza. Fundi mmoja anasema ataliinua gari kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo kwenye springi. Mimi naona litapoteza utulivu kwenye kona, lakini aliyewahi kufanya hivyo anieleze.

Halafu tairi. Za mbele ni 235/45, za nyuma 265/45, zote rimu 18 lakini upana tofauti, kwa hivyo siwezi kuhamisha za mbele nyuma. Tena gari halikuja na spea, ila dawa ya kuziba na pampu ndogo tu. Tairi za saizi hizi mnazipata wapi bila safari ya Nairobi?

Kuna yeyote anayejua fundi mwenye kompyuta ya kusoma Porsche hapa Nakuru, au hata Eldoret? Na petroli mnaweka gani? Vumbi nalo, mnabadilisha filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema?