Kiwanja cha mtaani kinajengwa, watoto niwaulize vipi?

BiMkubwa_Ngambo
Asalaam alaykum jamani. Miye mkaazi wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, nyuma ya majumba ya Michenzani. Hapa kwetu kuna kiwanja. Nyumba ya udongo ilianguka zamani, wenyewe hawakurudi, basi kimekuwa cha watoto. Sasa kamati ya mtaa imepata fungu la kujenga bustani: viti vya zege, maua, uzio wa chuma na geti la kufungwa wakati wa magharibi. Mchoro umebandikwa kwa sheha. Mzuri, sikatai. Nikauliza kikaoni, watoto wameulizwa? Mzee mmoja akacheka hata kofia ikamdondoka: "Ukimuuliza mtoto atakuomba bahari!" Watu wote wakaangua kicheko, na miye nikacheka nao, kisha nikakereka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nimepewa wiki mbili niwaulize, nirudishe jawabu. Jana niliwaita barazani kwangu, wakaja kumi na saba. Mnataka nini? Bembea! Wote, kwa sauti moja, kama zile za Kariakoo yetu ya Unguja, kiwanja cha sikukuu. Nikawapa juisi ya ukwaju wakenda zao. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Maalim_Chake
Waalaykum salaam bibi. Swali ndilo lililokuponza. Mtoto ukimuuliza anataka nini, anakutajia alichokiona sikukuu. Muulize anapita wapi, anakaa wapi, anaogopa wapi. Na usimweke barazani, nenda naye kiwanjani saa anayokitumia mwenyewe. Baina ya skuli na chuo cha Kurani nafasi yao ni ndogo. Ukiita kikao saa nne asubuhi utapata nusu yao tu.

Nilifanya hivyo na darasa langu la tano, huku Pemba, kwa njia yao ya kuendea skuli. Weka jiwe unapopapenda, piga chaki nyekundu unapopaogopa. Nilidhani chaki zitaishia makaburini. Wapi! Makaburini waliweka mawe, maana ndiko kwenye maembe. Chaki zote zilijaa kwenye karavati lisilo na ukingo, ambalo masika maji hupita juu yake. Pale nimepita miaka tisa, juu ya baskeli, sikuwahi kuona kitu.

Jambo jengine: wasichana watenge na wavulana. Usipofanya hivyo utawasikia wavulana peke yao.

MkaziKibandaMaiti
Mnazunguka tu. Mtoto hajui bei ya saruji. Na baada ya miaka mitatu keshakua, hachezi tena, kiwanja kinabaki na sisi.

Ramani_na_Rula
Ndugu yangu, huyo akikua atakuja mwengine wa umri ule ule. Kiwanja hakikosi mtoto.

BiMkubwa, unalolifanya lina historia. Miaka ya 1970 Kevin Lynch, mtaalamu wa miji wa Marekani, alisimamia utafiti wa UNESCO uliowauliza vijana wadogo wa Argentina, Australia, Meksiko na Poland wanavyoitumia mitaa yao. Katika mtaa mmoja wa watu wa hali ya chini huko Salta, Argentina, watoto waliupenda mtaa wao kuliko wenzao wa Melbourne waliokuwa na nyumba bora. Mwaka 1992 Roger Hart akachora ngazi ya vidato 8 vya ushiriki wa watoto, na vitatu vya chini akasema si ushiriki hata kidogo. Kimoja kati ya hivyo ni mapambo. Tunakijua sana: watoto wanavalishwa fulana, wanamsomea mgeni rasmi utenzi, wanarudishwa nyumbani.

Kamati wakikubishia, waambie Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Lakini kwa wazee nadhani utafika mbali zaidi ukiwapeleka pale kiwanjani wakaone wenyewe.

BiMkubwa_Ngambo
Nimerudi. Nilikwenda nao juzi baada ya alasiri, na chaki zangu.

Wavulana, mpira, hilo nililijua. Wasichana ndio walionitoa jasho. Kumbe kiwanjani hawachezi kabisa! Nage wanachezea kichochoro cha nyuma, zinakopita vespa, kwa sababu wavulana wanawafukuza. Nimekaa mtaa huu miaka thelathini nikidhani kile kiwanja ni cha wote.

Halafu kitoto kimoja, hakijafika miaka saba, kikaniuliza: "Bibi, mti wetu wa mkungu mnaukata?" Nikarudi kwa sheha kuuangalia mchoro. Kweli, pale kwenye mkungu pamechorwa kiti. Kamati nzima tumeutazama ule mchoro, na hakuna aliyeuona. Hao wenye mchoro wao watakaa juani wakiota jua kama ng'onda.

Jana nikawachukua wazee watatu hadi pale, saa kumi. Yule wa kofia alikwenda moja kwa moja chini ya mkungu, akakaa. Mti umesalimika, na kiti kimesogezwa. Geti bado tunabishana. Wasichana wamepewa upande wa kiambaza, lakini kwa mdomo tu, hakuna mstari mchoroni.

Sasa wavulana wamenuna, wanasema nimewauza. Maalim, hao nawaambia nini?

Maalim_Chake
Waite tena, bibi, na mchoro mpya mkononi. Waoneshe kilichokubaliwa na kilichokataliwa, na nani kakikataa. Wewe ukae pembeni, mwenyekiti awajibu mwenyewe.