Sikio zito baada ya mlipuko: kusubiri, vidonge, sindano au chumba cha oksijeni?

Kipaza: Wakuu, tulinganishe njia nne zinazotajwa mtu anapopigwa ghafla na risasi, fataki au spika, akabaki na sikio zito na mlio usiokatika: (a) kukaa mbali na kelele na kusubiri, (b) vidonge vya prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi, za kutuliza uvimbe), (c) sindano ya steroidi kupitia ngoma ya sikio, (d) chumba cha oksijeni ya shinikizo. Ianze ipi, na kwa nani?

Desibeli85: Kwanza tenganisha wagonjwa. Uzito wa sikio baada ya muziki wa desibeli 100 mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Risasi hupita desibeli 140 na huweza kuharibu seli za vinyweleo zinazopokea sauti kwenye koklea (konokono ya sikio la ndani) papo hapo. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kama ni sikio moja tu, funga mdomo ugune "mmm". Mguno ukisikika zaidi upande usioumwa, shaka iko sikio la ndani, na hapo ndipo (b), (c) na (d) zinapohusika. Ukielekea upande unaoumwa, huenda ngoma imechanika au njia imeziba. Ngoma iliyochanika haitaki matone wala maji. Wakati wa kuoga weka pamba yenye vaselini mlangoni mwa sikio. Yote haya hayachukui nafasi ya kipimo cha usikivu, ambacho kwa majeraha ya kelele huonyesha bonde (usikivu kushuka) kwenye sauti nyembamba za kati ya Hz 3000 na 6000, mara nyingi kwenye 4000.

Dozi_Kamili: Kwangu (b) ndiyo ya kuanzia, kwa sababu inapatikana leo. Kawaida ni mg 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi mg 60, zote kwa mkupuo mmoja asubuhi baada ya kula, siku 7 hadi 14, kisha inashushwa taratibu. Hapa ndipo mambo huharibika: mg 60 ni vidonge 12 vya mg 5. Mgonjwa akiona rundo hilo kiganjani anaogopa, anameza kimoja mara tatu kwa siku. Hiyo ni mg 15, dozi ya mtoto wa kilo 15! Halafu watu wanasema dawa haifanyi kazi. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, kifua kikuu au presha asianze kabla daktari hajampima.

Mwanga_wa_Koklea: Kwa mwenye kisukari ndiyo maana (c) ipo: dawa inabaki sikioni, sukari haipandi sana. Daktari wa masikio hutia ganzi, kisha hudunga mililita 0.4 hadi 0.8 nyuma ya ngoma. Muulize nguvu ya dawa. Deksamethasoni, steroidi ya sindano, inayotakiwa ni ya mg 10 au 24 kwa mililita. Ile ya mg 4 ni nyepesi kwa kazi hii. Dawa ipashwe hadi joto la mwili, ikiwa baridi chumba kizima kitazunguka. Baada ya hapo ulale sikio likitazama juu kwa dakika 15 hadi 30 bila kuongea wala kumeza mate, maana kila ukimeza mrija wa kuelekea kooni hufunguka na dawa inakimbilia huko. Hurudiwa hadi mara nne ndani ya wiki mbili. Hutumika pia vidonge vikishindwa.

Dozi_Kamili: Na (d)?

Desibeli85: Ni nyongeza ya steroidi, si mbadala. Shinikizo mara 2 hadi 2.5 ya hewa ya kawaida, dakika 90, vikao 10 hadi 20, ianze ndani ya wiki mbili. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unairuhusu hivyo, ila tuwe wakweli: uliandikwa kwa upotevu wa ghafla wa usikivu kwa jumla. Kwa majeraha ya kelele ushahidi ni mwembamba, hata wa steroidi zenyewe. Kuahirisha vidonge kwa kungoja nafasi ya chumba ni kosa.

Kipaza: Na (a), watu wanaziba masikio mchana kutwa.

Mwanga_wa_Koklea: Wasizibe penye utulivu. Ubongo ukikosa sauti huongeza usikivu wake, mlio unazidi, na hata vijiko vinavyogongana vinaanza kuumiza. Vizibo ni vya penye kelele. Usiku acha feni ivume polepole. Matone ya "kuondoa mlio" hayafiki kwenye koklea, ngoma inayazuia. Kizunguzungu kikali, uso kupooza au maji kutoka sikioni: hospitali saa hiyohiyo.

Kipaza: Siku ya tano, kipimo kimerudi kawaida lakini mlio upo. Steroidi bado?

Dozi_Kamili: Hapana. Steroidi hazitolewi kwa ajili ya mlio peke yake. Kipimo kikionyesha bonde bado lipo, hapo ndipo tunarudi kwenye (b) au (c).