Maiki ya USB inaonekana kwenye kompyuta, lakini Audacity ya Flatpak na ya Snap hairekodi

mwana_amu

Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, Mkomani. Kompyuta ni ya madrasa, ina Ubuntu 24.04, na tumeichomekea mikseri ndogo ya USB ya chaneli mbili kwa ajili ya kurekodi kasida kabla ya Maulidi. Amri ya `arecord -l` inaiona bila shida:

`card 1: CODEC [USB Audio CODEC], device 0: USB Audio [USB Audio]`

Na hii hapa chini inarekodi vizuri kabisa, sauti safi:

`arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 5 jaribio.wav`

Shida ni Audacity, programu ya kurekodi. Tunazo mbili, ya Snap na ya Flatpak (njia mbili za kusakinisha programu ikiwa ndani ya boksi lake). Ile ya Snap inatoa sauti kwenye spika lakini kwenye kurekodi haipokei chochote. Ile ya Flatpak inaionyesha kadi kwa jina `USB Audio CODEC: USB Audio (hw:1,0)`, ila nikibonyeza kitufe chekundu inakataa na kutoa kosa -9985. Dirisha la mipangilio ya sauti liko wazi pembeni na mshale wa kiwango unapanda na kushuka mtu akisema, kwa hiyo maiki si mbovu.

`pactl list short sources` inatoa mstari huu, pamoja na mingine:

`58 alsa_input.usb-Burr-Brown_from_TI_USB_Audio_CODEC-00.analog-stereo PipeWire s16le 2ch 48000Hz RUNNING`

Naomba njia isiyohitaji kufuta na kupakua upya. Bando letu ni la kuhesabu.

fundi_langoni

Wa aleikum salaam. Hutapakua hata megabaiti moja. Umeleta ushahidi wa kutosha, na jibu la Flatpak limo ndani ya neno RUNNING mwishoni mwa mstari wako.

Kosa -9985 linatoka PortAudio, maktaba ambayo Audacity huitumia kuzungumza na kadi, na maana yake ni kwamba kifaa kipo ila kimeshikwa na mwingine. Lingekuwa -9996, kifaa chenyewe hakijulikani. Lingekuwa -9997, kadi imekataa kasi ya sampuli uliyoomba. Tatu hizi watu huzichanganya, kila moja wakaiita "maiki haionekani", kisha wanahangaika na ruhusa ambazo hazina kosa.

Nani ameshika kifaa? Ni hilo dirisha la mipangilio ya sauti. Ili ule mshale upande na kushuka, ni lazima dirisha lirekodi kupitia PipeWire, seva ya sauti ya Ubuntu, na PipeWire ikirekodi hushika `/dev/snd/pcmC1D0c` (mlango wa kurekodi wa kadi) peke yake. Audacity inapoomba `hw:1,0` moja kwa moja inakuta mlango umefungwa. Ukifunga dirisha, PipeWire husubiri sekunde 5 hivi bila mteja, kisha huachilia kadi na mstari wako utasomeka SUSPENDED. (SUSPENDED si ugonjwa. Ni kadi iliyopumzika.) Bila shaka `arecord` yako ilifaulu wakati dirisha limefungwa. Hakikisha kwa hizi mbili:

`fuser -v /dev/snd/*`
`pactl list source-outputs | grep application.name`

Ya kwanza itakuonyesha `pipewire` ameshika pcm, ya pili itakutajia jina la programu inayorekodi kupitia kwake. Kichupo cha kivinjari kilichoachwa kwenye mkutano wa video hufanya jambo lilelile, na hicho ni kigumu zaidi kukigundua.

Lakini usiishie kufunga dirisha. Acha kabisa kutumia `hw:1,0`. Kwenye Audacity bonyeza Audio Setup, Host iache ALSA (mfumo wa msingi wa sauti wa Linux), kisha kwenye Recording Device chagua `pulse`, na kama haipo chagua `default`. Kwenye Recording Channels weka 2. Hapo Audacity itapita kwenye seva ya sauti kama programu nyingine zote, na seva inaweza kuwagawia wateja wengi maiki moja kwa wakati mmoja.

Kwa nini basi Flatpak inakuonyesha `hw:1,0` ikiwa njia hiyo ni ya taabu? Kwa sababu tangu Flatpak 1.8, programu iliyopewa soketi (njia ya mawasiliano) ya `pulseaudio` hupewa na `/dev/snd` papo hapo. Kwa hiyo ndani ya boksi kuna milango miwili kuelekea kadi ileile, na Audacity inaorodhesha yote bila kukuambia upi ni upi. Jionee:

`flatpak info --show-permissions org.audacityteam.Audacity`

Kwenye mstari wa `sockets=` lazima `pulseaudio` iwemo. Kisha ingia ndani yenyewe:

`flatpak run --command=sh org.audacityteam.Audacity`
`echo $PULSE_SERVER`
`ls -l /dev/snd /run/flatpak/pulse`

Ukiona `unix:/run/flatpak/pulse/native` na faili `native` ipo, boksi lina njia ya sauti. Jambo la kujua: Flatpak haitenganishi kusikiliza na kurekodi. Soketi ni moja. Kama sauti inatoka kwenye spika kupitia `pulse`, basi ruhusa ya kurekodi ipo tayari na tatizo litafutwe kwingine.

bint_malindi

Kwa upande wa Snap mambo ni kinyume chake, huko kusikiliza na kurekodi ni plagi mbili. Endesha:

`snap connections audacity`

Utaona `audio-playback` imeunganishwa na `:audio-playback`, na pembeni ya `audio-record` kuna kistari `-`. Kistari maana yake haijaunganishwa. Ya kwanza hujiunga yenyewe wakati wa kusakinisha, ya pili kwa kawaida husubiri idhini yako, kwa sababu maiki husikiliza watu. Ndiyo maana spika inalia na maiki iko kimya. Kwenye Ubuntu seva ya sauti humuuliza snapd (huduma inayosimamia Snap) kama mteja huyu ameunganishiwa kurekodi, na akisema hapana, maombi yanakataliwa papo hapo.

`sudo snap connect audacity:audio-record`

Funga Audacity na uifungue upya. Kama bado unataka kufikia kadi moja kwa moja bila seva, kuna plagi nyingine iitwayo `alsa`:

`sudo snap connect audacity:alsa`

Kwa kurekodi kasida sioni haja yake. Hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye ugomvi uleule wa -9985 alioueleza fundi.

Ukiwa na shaka kama ni Snap inayozuia au ni kitu kingine, jaribu kurekodi kisha uangalie mara moja:

`journalctl -k --since "5 minutes ago" | grep DENIED`

Ukikuta `profile="snap.audacity.audacity"` na `name="/dev/snd/..."`, umempata. Hakuna kitu? Usilaumu AppArmor (ulinzi wa Linux unaowekea programu mipaka).

pwani_tux

Mbona mnazunguka sana. `sudo usermod -aG audio $USER`, kisha `flatpak override --user --device=all org.audacityteam.Audacity`, toka uingie tena, kazi kwisha.

bint_malindi

Ndugu yangu, hizo dawa mbili husambazwa sana, na hapa hakuna hata moja inayogusa ugonjwa.

Kundi la `audio` kwanza. Mtumiaji aliyekaa mbele ya kompyuta hupewa ruhusa ya kadi na systemd-logind (huduma inayosimamia wanaoingia), kwa ACL (orodha ya ruhusa za ziada). Angalia alama ya `+` mwishoni mwa `crw-rw----+` ukipiga `ls -l /dev/snd`, au uthibitishe kwa `getfacl /dev/snd/pcmC1D0c`: jina lake litakuwemo na `rw-`. `arecord` ya mwana_amu imefanya kazi, maana yake ruhusa hiyo anayo tayari. Ukimweka kwenye kundi, unampa kadi hata asipokuwa mbele ya kompyuta, na kwenye kompyuta ya madrasa inayotumiwa na watu wengi, mtu aliyeacha programu wazi kwenye akaunti yake anaweza kumshikia mwenzake maiki. Pasipo na hiyo `+` ndipo pa kuulizana, na mara nyingi jibu ni kwamba umeingia kutoka mbali kwa SSH.

`--device=all` nayo inafungua `/dev` nzima kwa programu, kamera ikiwemo. `/dev/snd` tayari ilikuwa ndani. Umeongeza hatari, hujaongeza maiki.

mwana_amu

Shukrani nyingi. `pulse` kwenye Flatpak imerekodi mara moja, hata dirisha la mipangilio likiwa wazi. Snap nayo kistari kimeondoka na imepokea sauti.

Limebaki moja. Tukichomoa mikseri kwenda kurekodi ukumbini na kuirudisha, mara nyingine inarudi kama card 2, na Audacity iliyokuwa wazi inarekodi maiki ya laptop bila kutuambia. Kuna siku pia nilianzisha upya huduma zote za sauti kwa amri niliyoiona mtandaoni, na Audacity ya Flatpak ikabaki bubu mpaka nikaifunga.

fundi_langoni

Hayo ni mambo mawili tofauti.

La kuchomoa: PortAudio husoma orodha ya vifaa mara moja tu, programu inapofunguka. Kikija kipya baadaye hakimo, mpaka ubonyeze Audio Setup kisha Rescan Audio Devices. Namba ya kadi usiitegemee kamwe, hugawiwa kwa zamu ya kufika. Tegemea jina. Ukiwa na mikseri imechomekwa:

`pactl set-default-source alsa_input.usb-Burr-Brown_from_TI_USB_Audio_CODEC-00.analog-stereo`

WirePlumber (msimamizi wa vifaa wa PipeWire) huliandika jina hilo ndani ya `~/.local/state/wireplumber/default-nodes`, na mikseri ikirudi, iwe card 1 au 7, huichagua tena. Kabla ya kuanza kasida yenyewe, fungua pavucontrol kwenye kichupo cha Recording huku Audacity ikirekodi. Audacity itaonekana hapo (haionekani kama hairekodi) na pembeni yake jina la chanzo. Si sahihi? Kibadilishe hapohapo, bila kusimamisha.

Siku mikseri itakayoonekana kwenye `arecord -l` lakini haimo kabisa kwenye `pactl list short sources`, angalia profaili ya kadi. Huenda imewekwa kwenye kutoa sauti tu:

`pactl set-card-profile alsa_card.usb-Burr-Brown_from_TI_USB_Audio_CODEC-00 output:analog-stereo+input:analog-stereo`

Na siku isipoonekana hata kwenye `arecord -l`, achana na Flatpak na Snap, shida iko chini yake. Piga `sudo dmesg | tail -30`. Mstari kama `device descriptor read/64, error -71` mara nyingi ni waya au mguso mbaya, na kwa hewa yetu ya chumvi ncha za USB huota kutu upesi. Badilisha waya, halafu tundu, na hab uiweke kando.

La pili ni zuri kulijua. Flatpak inapofungua programu, huichukua ile faili ya soketi iliyopo wakati huo na kuipachika ndani ya boksi. Ukianzisha upya `pipewire-pulse.socket`, systemd (msimamizi wa huduma za Linux) hufuta faili na kuunda nyingine yenye jina lilelile. Nje kila kitu kinaendelea, ila ndani programu bado imeshika faili ile ya zamani ambayo hakuna anayeisikiliza. Ndiyo ububu wako. Ukilazimika, anzisha huduma tu, usiguse soketi:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse.service`

Hata hapo, hakikisha hakuna anayerekodi. Bila kiambishi chochote systemd huchukulia umekusudia `.service`, kwa hiyo amri uliyoiona mtandaoni bila shaka ilitaja `.socket` kwa jina. Ikishatokea, `flatpak ps` itakuonyesha kilicho hai, na `flatpak kill org.audacityteam.Audacity` itakizima kabisa, maana kufunga dirisha pekee kuna programu huacha mabaki nyuma. Hifadhi kazi kwanza.

Na kasi: hiyo chipu haipiti 48000. Mradi wa Audacity uweke 48000, ndiyo PipeWire inayotumia kwa kawaida, usiweke 96000 ukidhani utapata sauti bora. Kupitia `pulse` itakubali, lakini seva itakuwa inabadilisha kasi tu na faili inakua mara mbili bure. Kadi inakubali nini, utasoma kwenye:

`cat /proc/asound/card1/stream0`

pwani_tux

Sawa, nimeelewa. Na mtu aliyekwisha kutoa `--device=all` anairudishaje?

bint_malindi

`flatpak override --user --show org.audacityteam.Audacity` uone kilichobadilishwa, kisha:

`flatpak override --user --reset org.audacityteam.Audacity`

Hiyo hufuta mabadiliko yote ya programu hiyo, si hilo moja. Ukitaka kuondoa hilo peke yake tumia `--nodevice=all`. Ruhusa husomwa programu inapofunguka, kwa hiyo ifunge kwanza. Kama override iliwekwa kwa sudo bila `--user`, irudie vilevile kwa sudo bila `--user`, la sivyo utakuwa unafuta faili isiyokuwemo.