Glezi nyeusi ya chuma kwenye tanuri la umeme, mbona yangu inatoka kahawia?

Mfinyanzi_Tegeta
Wakuu habari za jioni. Nafinyanga vikombe na bakuli, tanuri langu dogo la umeme, nachoma koni 6 (koni ni kipimo cha joto la tanuri), yaani kama nyuzi 1220 hivi. Naitafuta ile glezi (utando wa kioo unaopakwa juu ya chombo cha udongo) nyeusi ya Wachina na Wajapani, tenmoku, inayong'aa alafu kwenye mdomo wa bakuli inageuka rangi ya kutu. Risipi yangu ni feldspa 40, silika 30, kalsiamu kaboneti 20, kaolini 10 (ya Pugu), juu yake oksaidi nyekundu ya chuma 10. Inatoka kahawia iliyofifia, ukipapasa ni msasa kabisa. Mwenzangu anasema bila moshi haiwezekani, eti nichomeke vijiti kwenye tundu la kuchungulia joto likifika juu. Kweli?

chungu_cheusi
Usichomeke kitu humo tafadhali. Waya za tanuri la umeme zinalindwa na utando mwembamba wa alumina unaojijenga zikiwa na hewa ya kutosha, ukijaza moshi utando unaliwa na waya zinakufa mapema, na ile kaboni monoksaidi haina harufu, inaua mtu chumbani.

Tatizo lako sio moshi. Hiyo 40-30-20-10 ni ya koni 10, 1280 mpaka 1300, kwa 1220 haijayeyuka ndo maana imekauka. Na kuna kingine watu hawakisemi, kwenye tanuri la gesi au kuni lililobanwa hewa chuma kinageuka kuwa cha aina inayosaidia kuyeyusha glezi, kwako kinabaki chekundu na hakisaidii, so umekosa joto na umekosa na kiyeyushi. Punguza feldspa na silika, weka friti (unga wa kioo kilichokwisha kuyeyushwa) yenye boroni, anza na 20 katika kila 100 upande taratibu kwenye vigae vya majaribio. Ikishayeyuka vizuri weusi utauona.

Mama_Vyungu254
Naongezea hapo. Kuanzia kama 1230 chuma chekundu chenyewe huanza kuachia oksijeni, hata bila moshi. Yale madoa ya fedha kwenye bakuli za Jian za Fujian, enzi ya Song (960–1279), yanatokana na mapovu ya hiyo oksijeni, yanapanda yakibeba chuma hadi juu. Wafinyanzi wengi wa leo wanayapata kwa umeme koni 10. Kwa hiyo kama tanuri lako limeandikwa 1300 na waya bado nzima, mimi ningejaribu huko.

Unene pia. Paka nyembamba itabaki kahawia, paka nene inakuwa nyeusi, na pale mdomoni inapojivuta yenyewe ndipo kutu inatokea. Ila acha sehemu ya chini bila glezi maana ikitiririka itagandana na rafu ya tanuri. Alafu kupoa: ukitaka weusi unaong'aa liache tanuri lipoe haraka mpaka 900 hivi, ukilipoza polepole kati ya 1000 na 800 fuwele za chuma zinaota, inakuwa nyekundu-kahawia isiyong'aa. Nzuri sana hiyo nayo, lakini sio uliyoitaka.

Mfinyanzi_Tegeta
Asanteni sana, hapo kwenye chuma na kuyeyuka nimepata mwanga. Nimesikia pia wengine wanatia kobalti au manganizi?

chungu_cheusi
Kobalti asilimia 1 pamoja na chuma 8 inakupa nyeusi ya uhakika koni 6, bei yake tu ndo kubwa japo nyingi inachimbwa hapo Kongo. Lakini ni nyeusi ya rangi moja tu, ile kutu ya mdomoni inapungua, mimi siipendi. Manganizi mvuke wake ni sumu, unaathiri mishipa ya fahamu, usiichome bila chumba kuwa na hewa nyingi.

Arusha_udongo
Mkijaliwa kufika huku kwetu okoteni jiwe jeusi la volkano, basalti. Lina chuma karibu asilimia 10 na linayeyuka lenyewe koni 10, linatoa kahawia-nyeusi ambayo oksaidi ya dukani haikupi. Saga, chekecha kwa chekecheo laini sana, vaa barakoa maana vumbi lake linaharibu mapafu. Kwa koni 6 changanya jiwe 7 kwa friti 3 alafu weka kigae chako cha majaribio ndani ya kisahani, ikimwagika isiharibu rafu.

Mfinyanzi_Tegeta
Naanza na friti wiki hii, nikipata jiwe naweka picha za vigae vyote hapa.