Ushauri: Mhusika mkuu hahudhurii mazoezi, na onyesho la mahafali limebaki siku 19

Pazia Jekundu (mleta uzi)
Wanajukwaa, habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Ninasoma mwaka wa mwisho wa stashahada ya sanaa za maonyesho huku Bagamoyo, na ndimi mwongozaji wa igizo ambalo kundi letu la watu 11 litalionyesha siku ya mahafali. Ni igizo la dakika 50, lenye ngoma na nyimbo, linalomhusu kijana wa pwani anayemsubiri baba yake aliyekwenda kuvua asirudi. Mhusika wetu mkuu, ambaye hatoki jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, amekosa mazoezi sita kati ya tisa ya wiki tatu zilizopita, na Jumamosi hakuonekana kabisa. Ninaye mwigizaji wa akiba ambaye ameyashika maneno yote. Siku hiyo wamealikwa watu wa hoteli za Zanzibar na watayarishaji wa filamu kutoka Dar es Salaam, na mama yangu, aliyeuza mahindi ya misimu mitatu ili nisome, anasafiri kutoka Iringa kuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Naomba mnishauri namna ya kumbadilisha mhusika huyu bila kulivunja kundi, kwa sababu wenzangu wanne hawataki hata kulisikia jambo hilo. Usingizi umenipotea.

Dada Ratiba
Mdogo wangu, nimesimamia majukwaa kwa miaka 12 na sijawahi kuona kipaji kilichomwokoa mtu asiyefika mazoezini. Mwigizaji anayechelewa huwaibia wenzake muda, na muda wa watu 11 ni mali kubwa. Mbadilishe leo, mwambie mbele ya kundi zima ili pasiwe na minong'ono, kisha fungeni daftari la mahudhurio. Vijana wa siku hizi wanataka kupigiwa makofi kabla hawajatokwa na jasho.

Mzee wa Zumari
Marahaba, mwanangu. Umenirudisha mbali. Niliingia chuo cha sanaa hapo hapo Bagamoyo miaka michache baada ya kuanzishwa kwake mwaka 1981, wakati ambapo jioni ungeweza kumsikia marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, akipiga ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, nasi tukaacha sahani zetu za ugali tukaenda kukaa mchangani kumsikiliza. Katika onyesho letu la kuhitimu, mpiga msondo wetu, ile ngoma ndefu, alitoweka siku mbili kabla. Niliupiga mimi, niliyekuwa mpuliza zumari, na kwa kuwa sikujua kwamba upepo wa bahari huilegeza ngozi jua linapotua, ngoma yangu ilikuwa imekwisha kulegea kabla ya wimbo wa pili. Tangu siku hiyo sijapanda jukwaani bila moto wa makuti nyuma ya pazia wa kukazia ngozi. Jengo la maonyesho lilipoungua mwaka 2002 nilisafiri kwenda kuyatazama majivu, nikalia kama aliyefiwa. Kwa hiyo nakusihi usisahau kuzianika ngoma zako mapema.

Fundi wa Maleba
Nami nawaunga mkono waigizaji wa akiba wa nchi hii. Katika igizo la mwaka wetu wa kwanza nilikuwa akiba wa bwana harusi. Bwana harusi akaugua malaria asubuhi ya onyesho, nikaingia na suruali yake iliyonifikia magotini. Bibi harusi wa siku ile sasa ni mama wa wanangu watatu, na suruali bado tunayo. Mpe akiba nafasi yake.

Binti wa Makunduchi
Nimesoma ujumbe wako mara mbili, dada. Umetuambia idadi ya mazoezi, idadi ya dakika na hata mahindi ya mama, lakini hukutuambia kijana huyu anakwenda wapi anapokosa. Mtu aliyesoma karibu miaka mitatu hawezi kuikimbia siku yake ya mwisho bila sababu. Umemuuliza?

Pazia Jekundu
Sababu ninaijua. Anadaiwa ada, na asipoimaliza hatapewa cheti, kwa hiyo amejiunga na wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa. Mazoezi yetu huanza saa kumi na mbili jioni, nao hujiandaa kuondoka saa hizo hizo. Jumamosi alikuwa baharini kama kawaida yake. Namhurumia, lakini hakuna mwanafunzi asiye na shida katika kundi letu, na mimi mwenyewe nimewahi kushinda na chai kavu nikafika mazoezini. Nilichouliza ni namna ya kumbadilisha, si kama ana haki ya kuhurumiwa.

Binti wa Makunduchi
Basi mtoto wa pwani anayevua usiku anaigiza mtoto wa mvuvi. Igizo hili limetungwa na nani?

Dada Ratiba
Hilo halina uhusiano na mahudhurio.

Pazia Jekundu
Nililiandika mimi. Kurasa 41, na nimezirudia mara nne.

Kwa kuwa naona mnataka kujua yote, kisa ni chake. Baba yake alitoka na ngalawa mwaka 2009, na kilichorudi ufukweni ni kafi moja na ndoo. Alitusimulia tukiwa mwaka wa pili, usiku ambao umeme ulikatika bwenini, nami nikamrekodi kwa simu kwa ridhaa yake. Sehemu ambapo kijana anaihesabu mashua moja moja inayorudi alfajiri ni maneno yake, karibu kama alivyoyasema. Lakini kisa kilichosemwa gizani kwa dakika 20 si igizo. Aliyeingiza kiitikio cha wanawake ni mimi, aliyemfanya mama asiseme neno hadi mwisho wa igizo ni mimi, na yeye hajaandika hata mstari mmoja. Mabango 60 yamekwisha kuchapishwa kwa michango ya kundi zima, yakiwa na maneno "Limetungwa na kuongozwa na", kisha jina langu. Mwigizaji wa akiba amekwisha kupimwa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Msiniambie nirudi nyuma, kwa sababu fedha ya kurudia haipo.

Wakili wa Kona
Kwa upande wa sheria, ambao nauona umesahaulika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, bali hulinda namna wazo lilivyoelezwa. Kwa maana hiyo, mtu yeyote anaweza kuandika juu ya mvuvi aliyepotea. Hata hivyo, maneno aliyoyasema mtu mwenyewe, ukayanakili karibu neno kwa neno, si wazo tupu tena, na panapokuwa na mchango wa watu wawili usioweza kutenganishwa ndipo tunapozungumzia kazi ya ubia. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo jina unaloliweka kwenye bango leo wajukuu wanaweza kuja kulijadili. Andikishianeni makubaliano kabla ya onyesho, na igizo likasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina mawili. Nimeona wanamuziki waliokula sahani moja kwa miaka 20 wakaacha kuamkiana kwa sababu ya mstari mmoja wa kibwagizo.

Nahodha Mstaafu
Sikutaka kuingia katika mambo ya wasanii, lakini jambo moja limenikwama kooni. Nimevua dagaa kwa zaidi ya miaka 20. Taa huvuta samaki kwa sababu bahari ni nyeusi, na usiku wa mwezi mpevu dagaa hutawanyika, hivyo wenye vyombo huvuta mashua nchi kavu, wakashona nyavu na kulala. Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa umejaa kama sinia. Hakuna nahodha mwenye akili aliyetoka na taa usiku ule. Kwa hiyo ama kijana anakudanganya, ama wewe unatudanganya sisi. Mimi nauona uzi huu kuwa hadithi ya mtu wa bara ambaye hajawahi kulala dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua.

Fundi wa Maleba
Sasa naelewa. Kafi moja na ndoo, mama asiyesema neno, kuhesabu mashua alfajiri. Huu si uzi wa ushauri, hili ndilo igizo lenyewe, na sisi tumefanywa hadhira ya majaribio. Bango gani linachapishwa siku 19 kabla ya onyesho na wanafunzi wasio na fedha?

Dada Ratiba
Ikiwa ni kweli tumetungiwa, naomba msimamizi aufunge uzi. Nimeacha kazi zangu nikajibu kwa moyo safi.

Mzee wa Zumari
Tusikimbilie kufunga. Mtu anayetunga hadithi hujipendelea, na binti huyu kadiri anavyoandika ndivyo anavyozidi kujiharibia. Mwacheni ajibu.

Pazia Jekundu
Nimekaa na daftari la mahudhurio tangu niliposoma maneno ya Nahodha. Ninaomba radhi kwanza kwake, kwa sababu anasema kweli. Niliandika "baharini" kwa mazoea, bila kufikiri kuhusu mwezi. Kati ya mazoezi sita aliyokosa, manne yalikuwa katika wiki mbili za giza, na hayo aliniaga kila mara. Mawili ya mwisho, Alhamisi na Jumamosi, hakuwa baharini.

Jumanne ya wiki iliyopita alifika. Siku hiyo ndiyo mabango yalitoka kiwandani, akalisoma moja hadi mwisho, akauliza jina lake liko wapi. Nilimwambia lipo kwenye orodha ya waigizaji. Hakupaza sauti. Alilikunja bango kwa uangalifu, akalirudisha juu ya meza, akaigiza siku ile kuliko nilivyowahi kumwona. Usiku nilimwondoa katika kundi letu la WhatsApp, nikahamisha mazoezi kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa nane mchana, nikawaambia wenzangu kwamba ameitwa nyumbani. Wanne hawakuniamini, na ndio wale wanaokataa abadilishwe.

Leo nimemuuliza mlinzi wa ukumbi. Alhamisi na Jumamosi alikuja saa kumi na mbili kamili, akakuta kufuli, akakaa barazani mpaka baada ya isha. Jumamosi alimuuliza mlinzi kama mahafali yameahirishwa.

Sikutunga. Ningetunga ningejipa sura nyingine. Mama yangu amewaambia majirani wote, na kanisani pia, kwamba mwanawe ametunga igizo, na neno hilo "ametunga" nimelibeba mwaka mzima kama yai. Sikuona namna ya kuligawa.

Nahodha Mstaafu
Binti, nimekuelewa, na neno la mtu wa bara nalifuta. Sasa nisikilize kwa mahesabu. Mwezi umeanza kupungua, na kuanzia sasa utachelewa kuchomoza kila siku. Mashua zitarudi kazini baada ya usiku tatu au nne, kwa hiyo usiku hizo ndizo zako za mazoezi na kijana huyu, usizipoteze kwa kuandika hapa. Siku ya onyesho mwezi utakuwa mchanga, wa siku kama sita, utatua kabla ya usiku wa manane, na vyombo vitakuwa vimetoka. Maana yake ni kwamba akija kuigiza atakuwa ameliacha fungu lake la usiku huo. Nenda kwa mwenye chombo mwenyewe, mapema, umwombee ruhusa kwa heshima. Wavuvi huacha kazi kwa ajili ya msiba na harusi, na kisa cha baba aliyepotea baharini hawatakikataa.

Binti wa Makunduchi
Mabango usiyachapishe upya. Kata vipande vya karatasi vyenye majina mawili, ubandike juu ya jina lako. Vipande 60 ni kazi ya jioni moja kwa watu 11. La kwake lianze.

Wakili wa Kona
Nasisitiza suala la maandishi.

Dada Ratiba
Bado nashikilia kwamba manne ni mengi. Lakini ratiba iliyobadilishwa bila mtu kujulishwa si utoro wake, na hapo nilihukumu kabla ya kusikia. Huyo wa akiba usimtupe, aigize katika mazoezi ya usiku wa giza ili wenzake wasisimame, na jina lake pia liandikwe.

Pazia Jekundu
Nimempigia simu mara tatu, hapokei. Nimemrudisha katika kundi, nikaandika mbele ya wote nililolifanya, na hadi sasa aliyejibu ni huyo wa akiba pekee, akisema kwamba maleba aliyopimwa yapunguzwe yamfae mhusika mkuu mwenyewe.

Mama nimemweleza kila kitu kwa simu. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha, kisha akauliza kama mama wa kijana amealikwa. Sikuwa nimefikiria. Anaishi mwendo wa saa moja kutoka hapa, na ni yeye niliyemweka jukwaani bila neno hata moja. Nimechukua kadi mbili za mwaliko, moja yake na nyingine ya mwenye chombo, na bango moja lililobandikwa karatasi. Jua bado lipo, ninashuka dikoni.