Hili la "Profesa kashasema, nyie nyamazeni" limenichosha

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila mjadala wa siasa unauawa kwa sentensi moja: "Profesa kashasema, wewe una elimu gani?" Hoja haijibiwi, kinaulizwa cheti!

Hivi makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, tumeshayasahau? Mei 2017 kamati ya Profesa Mruma ilisoma matokeo yake Ikulu, nchi nzima tukitazama: makontena 277 yaliyozuiwa yana wastani wa kilo 28 za dhahabu kila moja, jumla tani 7.8. Acacia, kampuni ya migodi yenye mchanga huo, wakasema hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kilichomo. Aliyethubutu kuuliza sampuli zilichukuliwaje aliitwa kibaraka wa mabeberu. Swali halali kabisa la maabara likageuzwa usaliti! Juni ikaja kamati ya Profesa Osoro, na Julai Acacia wakapelekewa madai ya kodi, faini na riba ya dola bilioni 190. Januari 2020 serikali ikasaini na Barrick, wenye Acacia: dola milioni 300, pamoja na hisa asilimia 16. Hisa ni jambo la maana, hapo sibishi. Lakini gawanya mwenyewe, madai yale ni zaidi ya mara mia sita ya fedha tuliyokubali. Nani alirudi kutueleza ile hesabu ya kwanza ilipatikanaje?

Haya, tuseme tunyenyekee. Kwa profesa yupi? Muhongo, waziri wa nishati na madini aliyetumbuliwa siku ileile ya ripoti ya Mruma, naye ni profesa wa jiolojia. 2023 kwenye mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, Profesa Mbarawa akiwa waziri aliutetea, Profesa Tibaijuka akaukosoa. Mnachofanya ni kumchagua profesa anayesema mnachokitaka, kisha mnatupiga naye kichwani.

Usomi nauheshimu. Profesa wa miamba akizungumzia miamba nitamsikiliza kwa adabu, mradi aweke vipimo mezani na wenzake wavikague. Ila mgodi apewe nani, kwa miaka mingapi, mrabaha uende wapi, hayo hayapimwi maabara. Mchimbaji mdogo wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na mama ntilie wa pale ana haki ya kuyasemea sawasawa na mhadhiri yeyote wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena yeye ndiye anayekunywa maji ya pale.

Anayetaka kunipinga anipinge kwenye hesabu: zile bilioni 190 zilitoka wapi na ziliishia wapi. Cheti changu kiacheni.