Naombeni ushauri: maisha ya Askofu Gitari bila siasa yanawezekana?

Kijana_ACK: Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili ya vijana nimepewa dakika 10 nielezee maisha ya Askofu David Gitari wa kanisa letu la Anglikana Kenya (ACK). Mwenyekiti wetu ameshaonya nisiguse siasa, watu wasije wakanuna. Nilicho nacho: kuzaliwa Kirinyaga 1937, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mount Kenya East 1975, askofu mkuu 1997 hadi 2002, kufariki 2013. Nikiyasoma hayo namaliza kabla watu hawajaketi vizuri. Nifanyeje?

MamaKwaya: Hayo ni maandishi ya kaburini, mwanangu. Anzia Machi 1975. J.M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, ameuawa, watu wanaogopa hata kunong'ona, na Gitari, bado kasisi tu, ana zamu ya mahubiri ya asubuhi redioni. Akachukua Kaini na Habili. Wakubwa hawakufurahi. Mwaka huohuo akawekwa wakfu kuwa askofu.

Mzee_wa_Kutus: Kijana wangu, mimi nilipiga kura ya mlolongo 1988. Unajipanga nyuma ya mtu wako mchana kweupe, chifu anakutazama usoni, halafu wa foleni fupi ndiye anatangazwa mshindi! Gitari alikuwa ameukemea mpango huo mimbarini mapema. Aprili 1989 genge likamvamia nyumbani usiku, akapanda juu ya paa akapiga mayowe hadi majirani wakaja. Sasa mwenyekiti wako atueleze, bila siasa, askofu alitafuta nini juu ya paa.

Msharika: 😂 Mzee umemaliza. Lakini kijana asitafutiwe ugomvi. Mpelekee kasisi hotuba yako kwanza, na usitaje mwanasiasa yeyote aliye hai. Gitari mwenyewe alitangulia na Biblia. 1987 alihubiri Danieli sura ya 6, sheria ya Dario iliyopitishwa haraka kumnasa mtu mmoja. Kila msikilizaji alijijazia mwenyewe.

MamaKwaya: Na usisahau kaskazini. Dayosisi yake ilifika hadi Marsabit, akapeleka wainjilisti kwa wafugaji wanaohamahama. Hilo hata mwenyekiti atapiga makofi.

Kijana_ACK: Asanteni sana. Naanza na redio, kisha Danieli, kisha paa, Marsabit ikipata nafasi. Kasisi amesoma, kaniongezea dakika 5. Mwenyekiti ameona meseji, hajajibu.